Jengo jepesi, msingi mzito: majibu kuhusu majengo ya chuma ya kiwandani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu majengo ya chuma ambayo fremu zake hukatwa, huchomelewa na kutobolewa kiwandani, kisha husafirishwa vipande vipande na kufungwa kwa boliti kiwanjani. Nimechagua tano zinazogusa msingi, kwa kuwa humo ndimo ninamoona fedha nyingi zikipotea na hatari nyingi zikifukiwa. Hesabu nitakazotoa ni za kufafanua hoja. Haziwezi kuchukua nafasi ya kazi ya mhandisi aliyepima udongo wa kiwanja chako.

Swali: Ndugu Mhandisi, nimenunua ghala la chuma lenye upana wa mita 24, fremu zake zikiwa zimeachana mita 6, na nguzo zina urefu wa mita 6. Fundi wangu, ambaye amejenga nyumba nyingi za matofali na ninamwamini, anasema jengo hili ni jepesi kuliko nyumba yoyote aliyowahi kusimamisha, kwa hiyo vitako vya zege vya sentimita 75 kwa 75 chini ya kila nguzo vinatosha. Mhandisi amechora vitako vya mita 2 kwa 2, vyenye unene wa sentimita 40, vilivyokaa mita 1.2 chini ya sakafu. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako amesema kweli kuhusu uzito, lakini kutokana na ukweli huo amefikia uamuzi usiofaa. Nyumba ya matofali huukandamiza msingi wake mchana na usiku, na uzito wake wenyewe huishikilia mahali pake. Jengo la chuma halina uzito huo. Mabati, mapao na fremu kwa pamoja huwa na uzito wa takriban kilonyutoni 0.2 tu kwa kila mita moja ya mraba ya paa. (Kilonyutoni 10 ni uzito wa karibu tani moja.) Upepo mkali unapopita juu ya paa haulisukumi chini, bali hulifyonza kwenda juu, na ufyonzaji huo unaweza kuuzidi uzito wa jengo mara kadhaa.

Tuchukue nguzo moja ya ghala lako. Inabeba nusu ya upana wa jengo, yaani mita 12, kwa mita 6 za nafasi kati ya fremu, ambayo ni mita 72 za mraba za paa. Uzito wa chuma unaoifikia ni kilonyutoni 14 na kidogo. Tukiongeza mzigo wa paa wa kilonyutoni 0.5 kwa mita ya mraba, kwa ajili ya mafundi watakaopanda na vitu vitakavyoning'inizwa, tunapata jumla ya kilonyutoni 50. Ikiwa udongo wako unahimili kilonyutoni 100 kwa mita ya mraba, kitako cha sentimita 75 kwa 75 kinaubeba mzigo huo bila shida. Nadhani hivi ndivyo fundi wako alivyofikiri, na angekuwa sahihi kama upepo usingekuwepo.

Sasa tuweke upepo. Ukifyonza paa kwa kilonyutoni 0.8 kwa mita ya mraba, nguzo hiyo inavutwa juu kwa kilonyutoni 57 na ushei. Kanuni haziruhusu tuutegemee uzito wote wa jengo katika kupambana na nguvu hiyo, kwa sababu uzito unaweza kuwa mdogo kuliko tulivyokadiria. Katika kanuni za Marekani, zikifuatwa kwa mizigo ya kiwango cha matumizi (yaani mizigo kama ilivyo, kabla ya kuongezwa kwa vizidisho vya usalama), uzito unaosaidia huzidishwa kwa 0.6, kanuni za Ulaya huuzidisha kwa 0.9, kisha huuongeza upepo kwa kuuzidisha kwa 1.5. Kwa njia ya kwanza, msingi wa nguzo yako unahitaji uzito wa takriban kilonyutoni 82, kwani hizo pamoja na 14 za chuma, zikizidishwa kwa 0.6, ndizo zinazofikia 57 na ushei. Kitako cha fundi wako, kikikaa kwenye kina kilekile pamoja na udongo ulio juu yake, kina kilonyutoni 13. Kile cha mhandisi kina zege la kilonyutoni 38 na udongo wa kilonyutoni 54, jumla 92. Msikilize mhandisi.

Kuna jambo moja katika hesabu hiyo ambalo ningependa ulisimamie mwenyewe siku ya kazi. Zaidi ya nusu ya uzito unaolizuia jengo lako lisipae ni udongo uliorudishiwa juu ya kitako. Ukitupwa shimoni kama kifusi, bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka, mhandisi atakuwa ameweka kwenye hesabu uzito ambao haupo. Simama pale wakati wa kufukia, hata kama siku hiyo inaonekana ndogo kuliko siku ya kumwaga zege.

Pia mweleze mhandisi ukweli kuhusu milango. Jengo lililofungwa hupata msukumo mdogo wa ndani, lakini jengo lenye uwazi mkubwa upande mmoja hujaa upepo, na paa lake husukumwa kutoka ndani huku likifyonzwa kutoka nje. Katika kanuni za Marekani kizidisho cha msukumo wa ndani hupanda kutoka 0.18 hadi 0.55 jengo linapohesabiwa kuwa limefungwa kwa sehemu tu. Kama unajua kwamba lango la ghala litaachwa wazi hata siku za dhoruba, sema sasa, kabla vitako havijachimbwa.

Swali: Mhandisi, pole na kazi. Familia yetu ina karakana ya chuma yenye umri wa miaka kadhaa. Mwezi uliopita tulikata jamvi la zege ili kupitisha bomba la maji machafu, sambamba na ukuta, mita moja na nusu kutoka kwenye nguzo. Fundi alikuta nondo zilizokunjwa kama herufi V zikitoka kwenye nguzo kuingia sakafuni, akazikata kwa sababu zilimzuia. Sasa lango kubwa linakwama, na tulipoweka timazi tuliona kwamba nguzo tatu zimesogea nje upande wa chini kwa karibu milimita 15. Je, udongo umetitia?

Jibu: Pole sana, na naomba uchukue hatua leo kabla ya kumaliza kusoma gazeti hili. Ondoeni kila kilichoning'inizwa kwenye paa, msipandishe mtu juu, fukuzeni magari na mashine karibu na nguzo hizo, na mwiteni mhandisi. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama udongo umetitia. Inaelekea kwamba mmekata kitu kilichokuwa kinashikilia miguu ya jengo pamoja.

Fremu ya chuma ya namna hii husimama kama mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi. Paa linapobeba mzigo, magoti hutaka kufunguka na nyayo hutaka kuteleza kwenda nje. Msukumo huo upo hata siku isiyo na upepo. Kwa ghala la msomaji wa kwanza, mzigo wa kawaida wa paa huzaa msukumo wa takriban kilonyutoni 29 kwenye kila mguu, karibu tani tatu. Msukumo huu hukua haraka kuliko upana wa jengo: ukipanua ghala lilelile kutoka mita 24 hadi 36 bila kuongeza urefu wa nguzo, unafika karibu kilonyutoni 68. Ndiyo maana jengo pana na fupi ndilo linaloutesa msingi zaidi.

Zipo njia kadhaa za kuudhibiti. Ya kwanza ni nondo ndefu inayopita chini ya sakafu kutoka nguzo ya upande mmoja hadi nguzo ya upande wa pili, ili misukumo miwili inayokwenda pande tofauti ivutane na kumalizana. Ya pili ndiyo mliyokuwa nayo: nondo iliyokunjwa kama V huzungushwa kwenye boliti za nguzo, na miguu yake miwili huingia ndani ya jamvi ili kuusambaza msukumo kwenye wavu wa nondo za sakafu. Ya tatu ni kitako kikubwa na kizito kinachopambana na msukumo peke yake kwa uzito wake na kwa msuguano wa udongo.

Njia ya V ni ya bei nafuu, na kwa majengo madogo inafanya kazi, lakini mimi huikubali kwa masharti, kwa sababu inaifanya sakafu kuwa sehemu ya mfumo wa kubeba jengo bila mtu anayetembea juu yake kujua. Jamvi hukatwa viungo ili lisipasuke ovyo, na kiungo kikipita mahali ambapo wavu wa nondo umekatika, mnyororo wote umekatika hapo. Baada ya miaka, mtu huchimba shimo la kukagulia magari au mfereji wa bomba, kama ilivyowatokea ninyi. Tena mafundi wengi husimamisha fremu na kuezeka kabla ya kumwaga jamvi, na kwa majuma hayo yote nondo za V hazijashika chochote. Anayechagua njia hii aandike kwenye michoro, tena ningependa abandike na kibao ukutani, kwamba sakafu hiyo haikatwi bila ruhusa ya mhandisi.

Kwa karakana yenu, mhandisi ataamua kama zege livunjwe pande zote za mfereji ili nondo zilizokatwa ziungwe kwa urefu wa kutosha na jamvi limwagwe upya, au kama sakafu ipasuliwe mstari mmoja kwa kila fremu ili nondo ndefu za kuunganisha nguzo mbili zipitishwe. Ningechagua ya pili. Asisahau kwamba chuma hurefuka kinapovutwa: nondo ya milimita 20 yenye urefu wa mita 24, ikibeba kilonyutoni 29, hurefuka kwa karibu milimita 11, ilhali ya milimita 25 hurefuka kwa milimita 7. Nondo nyembamba inaweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado ikaziacha nguzo zisogee mpaka lango likwame.

Nirudi kidogo kwa msomaji wa kwanza, kwa kuwa fundi wake anastahili kuiona hesabu hii pia. Msukumo wa kilonyutoni 29 unaogonga juu ya msingi wenye kina cha mita 1.2 hujaribu kuupindua. Kwa kitako cha sentimita 75, mzigo wote unaangukia sentimita 54 kutoka katikati, yaani nje kabisa ya kitako, ambacho nusu yake ni sentimita 37.5. Kitako hicho kingepinduka kwa mzigo wa paa peke yake kama hakuna nondo ya kukishika. Kwa kitako cha mita 2, mzigo unaangukia sentimita 24 kutoka katikati, ndani ya theluthi ya kati, na udongo wote ulio chini yake unaendelea kukandamizwa.

Swali: Kiwanda kimesema fremu zetu zitachukua wiki nyingi kufika. Mkandarasi anataka kumwaga msingi sasa ili tusipoteze muda, akitumia michoro ya jengo la kiwanda kingine lenye vipimo hivyohivyo. Inafaa?

Jibu: Haifai. Majengo mawili yenye upana, urefu na mteremko uleule wa paa, yakitoka viwanda viwili, yanaweza kuwa na misukumo tofauti kabisa kwenye miguu, kwa sababu kila kiwanda hugawa chuma kati ya nguzo na boriti kwa namna yake, na ugumu wa kila sehemu ndio unaoamua msukumo uwe mkubwa kiasi gani. Kuna kiwanda kitakachoweka nguzo ya katikati ambayo kingine hakiihitaji. Nafasi za boliti nazo hazitalingana.

Huhitaji kusubiri chuma chenyewe. Subiri karatasi mbili tu, ambazo kiwanda huzitoa mapema kikishapokea oda: mchoro wa boliti na jedwali la mizigo ya nguzo. Fahamu pia kwamba kwa kawaida kiwanda husanifu chuma peke yake. Kitakwambia unene wa boliti, lakini urefu wake ndani ya zege, kitako na nondo ni kazi ya mhandisi wa msingi, ambaye wewe ndiye unayemwajiri. Nimeona watu wakidhani kwamba msingi umo ndani ya bei ya jengo, na hivyo hakuna aliyeusanifu.

Mhandisi atakaposoma jedwali, asikusanye tarakimu kubwa kutoka kila safu na kuzijumlisha. Msukumo mkubwa wa kwenda nje huja pamoja na mzigo mkubwa wa kwenda chini, ilhali mvuto mkubwa wa kwenda juu huja na upepo, na wakati huo msukumo wa miguu unaweza kugeuka ukaelekea ndani. Kila hali ihesabiwe kivyake. Aulize pia kama tarakimu zimekwisha kuzidishwa kwa vizidisho vya usalama au bado, maana jedwali halisemi hivyo kila mara.

Aangalie kwa makini nguzo zenye vyuma vya msalaba, yaani vile vinavyokatizana kama X katika nafasi kati ya nguzo mbili. Upepo unaosukuma jengo kwa urefu wake hukusanywa kwenye nafasi hizo chache tu. Kilonyutoni 40 zikisukuma kwenye kimo cha mita 6, katika nafasi yenye upana wa mita 6, nguzo moja huvutwa juu kwa kilonyutoni 40 nyingine juu ya zile za paa. Vitako vya nguzo hizo mara nyingi huwa vikubwa kuliko vya jirani zake, na mkandarasi anayevifanya vyote sawa kwa ajili ya urahisi amevidhoofisha vile vinavyofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Swali: Mimi ni mama ninayejenga karakana ya useremala. Zege limekwisha kukauka, na sahani za chuma zilizo chini ya nguzo nne hazikai kwenye boliti: zimepishana kwa sentimita moja na nusu. Fundi anataka kuzipinda boliti kwa nyundo baada ya kuzipasha moto, au kupanua matundu ya sahani kwa gesi. Nimruhusu lipi?

Jibu: Mama, usimruhusu lolote kati ya hayo mpaka mhandisi na kiwanda waseme. Boliti zenye nguvu zaidi hupoteza sehemu ya nguvu hiyo zikipashwa moto, na boliti iliyopindwa, ikivutwa na upepo, hutaka kunyooka, ikalipasua zege linaloizunguka. Tundu lililopanuliwa kwa gesi huiacha nguzo icheze. Wakati mwingine suluhisho ni sahani nene zaidi yenye matundu mapya na washa za bamba zilizochomelewa. Wakati mwingine ni kukata boliti na kutoboa zege ili kuweka mpya kwa gundi maalumu. Uamuzi unategemea boliti hizo zina kazi gani na zimesimama umbali gani kutoka ukingo wa zege.

Hilo la ukingo ndilo linalonifanya niwe mkali. Nguzo za majengo haya hukaa pembeni kabisa, kwa sababu ukuta wa mabati hufungwa nje yake, na boliti mara nyingi huwa sentimita chache tu kutoka mwisho wa zege. Boliti inayovutwa juu hung'oa zege kwa umbo la koni, na koni hiyo hutanuka kila upande kwa karibu mara moja na nusu ya kina cha boliti. Boliti yenye kina cha sentimita 30 inataka sentimita 45 za zege kila upande ili itoe nguvu yake yote. Pembeni hazipo. Kwa hiyo nguzo fupi ya zege iliyo chini ya sahani huwekewa nondo za wima karibu sana na boliti, ili zipokee mvuto na kuushusha hadi kwenye kitako, na ringi kadhaa zilizobanana juu kabisa, ili zege lisimeguke kwa nje. Mhandisi wako akija, mwombe aangalie kama nondo hizo ziliwekwa.

Kwa wengine ambao hawajamwaga zege: tengenezeni kiolezo cha plaiwudi nene au cha bamba la chuma, chenye matundu yaliyotobolewa kwa kufuata mchoro wa kiwanda, mkifunge juu ya mbao za kufungia zege kwa nati juu na chini, kisha mpime tena mishazari ya jengo zima baada ya zege kumwagwa, likiwa bado bichi. Boliti za kundi moja zisipishane zaidi ya milimita 3. Chagueni boliti yenye kichwa au nati chini badala ya ile iliyokunjwa kama L, ambayo hunyooka na kuchomoka taratibu. Kila nguzo iwe na boliti nne. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinadai idadi hiyo ili nguzo isiangukie watu wakati wa kusimamisha, na zinataka boliti hizo zihimili uzito wa kilo 136 uliowekwa sentimita 46 kutoka uso wa nje wa nguzo. Uzito huo ni kama wa fundi mmoja na zana zake, akiwa amepanda.

Swali: Kiwanja chetu hujaa maji wakati wa mvua, maji yakafika karibu na usawa wa ardhi. Udongo wenyewe ni mgumu. Je, tuongeze chochote?

Jibu: Ndiyo, ongezeni uzito. Chini ya maji, kila mita ya ujazo ya zege hupungukiwa na kilonyutoni karibu 10, ikabaki na 14 badala ya 24, na udongo ulio juu yake hubaki na 9 hivi. Kitako cha mita 2 tulichokihesabu mwanzoni, kilichokuwa na kilonyutoni 92 kikiwa kikavu, hubaki na takriban 51, ilhali mahitaji yake hayashuki chini ya 82. Kwa kuwa dhoruba na mafuriko hupenda kuja pamoja, mhandisi wenu ahesabu msingi kana kwamba umezama, hata kama siku ya kuchimba shimo lilikuwa kavu kabisa. Mwonyesheni alama ya maji iliyobaki kwenye miti au kuta za jirani baada ya mvua kubwa ya mwisho.